Bastola Kiunoni mwa Mwindaji: Tupime Muda Kabla ya Nguvu

Miongoni mwa maswali yaonekanayo kuwa ya ufundi mtupu, ilhali ndani yake mna sayansi nyingi, ni lile la silaha ndogo aichukuayo mwindaji mwilini ili imkinge na wanyama wakali. Swali hili huulizwa zaidi katika Marekani ya Kaskazini, hasa katika jimbo la Alaska na katika milima ya Montana na Wyoming. Huko mtu aendaye kuwinda elk au moose, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, aweza kukutana na dubu wakati wowote. Hapo ndipo lizukapo shauri: achukue bastola gani? Ya kipenyo kipi? Yenye risasi ngapi?

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kuuliza kwa haki jambo hili lamhusu nini, hali dubu hayupo katika misitu yetu. Sababu ni mbili. Kwanza, hili ni mojawapo ya maswali machache ya kujikinga na wanyama ambayo yamechunguzwa kwa takwimu za miaka mingi, na matokeo yake yanapingana na mambo mengi ambayo watu huyaamini. Pili, uamuzi wa aina hii hii huwakabili askari wetu wa wanyamapori, watafiti wetu waendao porini, na wakulima walalao mashambani wakilinda mazao. Yaliyopimwa kwingine yaweza kutufunza namna ya kupima ya kwetu.

Maoni yangu, ambayo nitajaribu kuyatetea katika makala haya, ni kwamba bastola ya kujikinga huchaguliwa vibaya kwa sababu hupimwa kwa kipimo kisichofaa. Watu hupima nguvu ya risasi. Kinachopaswa kupimwa kwanza ni muda: nini kiwezacho kufanywa na mkono wa mtu mwenye hofu katika sekunde mbili.

KAZI YA SILAHA YA KIUNONI

Yafaa kwanza tutofautishe silaha mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Silaha ya kuwindia ni bunduki ndefu. Mwenye kuitumia huchagua mnyama, mahali na wakati. Hutulia, hulenga, na akiona mambo si sawa huacha. Silaha ya kujikinga hutumika katika hali iliyo kinyume kabisa: mnyama ndiye achaguaye mahali na wakati, na mtu hana nafasi ya kuacha.

Basi kwa nini mwindaji mwenye bunduki ahitaji tena bastola? Kwa sababu ziko saa nyingi ambazo bunduki haimo mkononi mwake. Achunapo mnyama, mikono yake yote miwili imo kazini na bunduki imeegemezwa mtini. Abebapo nyama, bunduki imefungwa begani. Apigapo hema au achotapo maji, bunduki i mbali naye. Bastola yaweza kukaa mwilini katika kazi zote hizo, na hiyo ndiyo faida yake. Haiishindi bunduki kwa nguvu hata kidogo. Huishinda kwa kuwapo.

Hapana budi pia ikumbukwe kwamba mwindaji hufanya karibu kila jambo ambalo wataalamu wa dubu humkataza mtu kulifanya. Hutembea kimya, hali mpita njia hushauriwa kupiga kelele ili dubu amsikie mapema. Huenda akikabili upepo ili harufu yake isimfikie mnyama amwindaye, na kwa hiyo haimfikii dubu pia. Huwa porini alfajiri na jioni, saa ambazo dubu naye hutafuta chakula. Mwishowe hukaa karibu na damu na nyama, vitu ambavyo harufu yake humwita dubu kutoka mbali.

Mkasa mmoja uliotokea mwezi wa Septemba mwaka 2018 katika nyika ya Teton, jimbo la Wyoming, waonyesha jambo hili waziwazi. Kiongozi wa wawindaji na mteja wake walikuwa wakimchuna elk aliyepigwa mshale siku iliyotangulia. Bastola yao, ambayo ilikuwa ya aina isifiwayo kwa kujikinga na dubu, ilikuwa imewekwa pamoja na mizigo, hatua kadhaa kutoka pale walipokuwa wakifanya kazi. Dubu jike alipowajia kwa kasi, mteja aliifikia bastola lakini hakupata nafasi ya kupiga bila kuhatarisha mwenzake. Akaitupa ili kiongozi aidake, nayo haikumfikia. Kiongozi alipoteza maisha yake. Hapana mtu awezaye kusema kwamba bastola ile ilikosa nguvu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nayo bastola iliyoko mizigoni, hata ikiwa ya thamani kubwa, haiwezi kumfaa mtu saa ya dhiki.

HESABU YA SEKUNDE

Dubu wa kahawia, ambaye wale wa bara huitwa grizzly, aweza kukimbia kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa, yaani zaidi ya mita 15 kwa sekunde moja. Kwa kulinganisha, Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mwaka 2009 kwa sekunde 9.58, mwendo wake wa wastani ulikuwa mita 10.4 kwa sekunde. Dubu mwenye uzito wa kilo mia kadhaa, juu ya mawe na magogo, humpita mwanadamu mwenye mbio kuliko wote akiwa katika uwanja laini. Akitokea kichakani umbali wa mita 30, atamfikia mtu katika muda wa sekunde 2 hivi.

Sasa tuyahesabu mambo ayafanyayo mtu katika sekunde hizo mbili. Lazima aone, lazima atambue kwamba alichokiona ni dubu ajaye, wala si kivuli, lazima aamue, mkono uende kwenye ala ya bastola, bastola itoke, iinuliwe, ilengwe, kifyatulio kivutwe. Mtu aliyezoezwa vizuri, ambaye bastola yake iko wazi kifuani au kiunoni, aweza kupata nafasi ya risasi moja, pengine mbili. Yule ambaye bastola yake iko chini ya koti la mvua, au ambaye hajapata kuichomoa kwa haraka hata mara moja tangu aliponunua, hatapata hata moja.

Tena kupiga si sawa na kusimamisha. Mnyama husimama papo hapo ikiwa risasi imeharibu ubongo au uti wa mgongo. Risasi ikipenya moyo itamwua, lakini damu iliyokwisha kufika kichwani yaweza kumpa uwezo wa kuendelea kwa sekunde kumi au zaidi. Katika sekunde kumi dubu aweza kwenda mita 150. Kwa hiyo jeraha la kuua si lazima liwe jeraha la kuokoa. Nao ubongo wa dubu ni shabaha ndogo, iliyofunikwa na fupa nene, nayo hupanda na kushuka kila dubu arukapo.

NGUVU YA RISASI NA MAANA YAKE

Matangazo ya viwanda vya silaha husifu sana nishati ya risasi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nishati ya mwendo ni nusu ya zao la tungamo na mraba wa kasi. Kwa hesabu hiyo, risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9, yenye gramu 8 na kasi ya mita 360 kwa sekunde, ina jouli kama 520. Risasi ya .44 Magnum, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1950, yenye gramu 15.5 na kasi ya mita 400 kwa sekunde, ina jouli kama 1,240. Ile ya .500 Magnum, iliyotolewa mwaka 2003, yaweza kupita jouli 3,000. Mtu aonapo tarakimu hizi hushawishika kuona kwamba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi.

Lakini tuziweke kando ya bunduki. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1912 na kuzoewa sana na wawindaji wa Afrika ya Mashariki, ina gramu kama 19.4 na kasi ya mita 770 kwa sekunde; nishati yake yapita jouli 5,500. Hata bastola hiyo kubwa ya .500 haifikii hapo. Mwenye kutafuta nguvu katika bastola anaitafuta mahali isipopatikana kwa wingi.

Zaidi ya hayo, nguvu ina gharama yake. Newton alitufundisha kwamba kila kani ina kani ya kuikabili. Risasi itokapo mbele, bastola husukumwa nyuma kwa momentamu iliyo sawa. Tukiiacha gesi ya baruti katika hesabu yetu, bastola ya milimita 9 yenye uzito wa kilo 0.9 hupiga mkono kwa nishati ya jouli 5 hivi, ya.44 yenye kilo 1.3 hupiga kwa jouli 15 hivi, nayo ya.500, ingawa ina uzito wa kilo 2, hupiga kwa jouli zinazokaribia 40. Maana yake ni kwamba mtutu huruka juu, macho hufumba, na mkono huhitaji muda kurudi kwenye shabaha. Wengi huanza kuiogopa silaha yao wenyewe, wakaacha kufanya mazoezi. Hivyo jouli zilizonunuliwa kwa fedha nyingi hulipwa tena kwa sekunde, na sekunde ndizo zilizo haba.

Jambo moja la risasi lenye maana kwelikweli ni kupenya. Risasi nyingi za bastola zimetengenezwa zitanuke ziingiapo mwilini, kwa kuwa zilikusudiwa kutumika dhidi ya binadamu, nazo huishia karibu. Dubu ajaye mbele huonyesha fuvu, mabega na misuli minene. Kwa mnyama huyo yafaa risasi ngumu, ya risasi nyeusi iliyochanganywa na madini ya kuigumisha, yenye pua bapa, isiyotanuka, ili iende ndani na kwa unyofu. Kuchagua risasi ifaayo kwa bastola ya kadiri kuna faida kubwa kuliko kuchagua bastola kubwa na kuitia risasi isiyofaa.

USHAHIDI WA ALASKA

Tuache sasa hesabu za karatasi, tuangalie yaliyotokea. Mwaka 2012 Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, na Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzao, walitoa uchunguzi wao juu ya bunduki na bastola zilizotumiwa dhidi ya dubu katika Alaska. Walikusanya matukio 269 ya tangu mwaka 1883 hadi 2009, yaliyohusu watu 444. Katika matukio hayo watu 151 walijeruhiwa au kuuawa, na dubu 172 waliuawa.

Kwa wale waliotumia bastola, mafanikio yalikuwa asilimia 84. Kwa waliotumia bunduki ndefu, asilimia 76. Mtu mwenye haraka angesema bastola imeshinda bunduki. Asifanye hivyo, kwa maana matukio ya bastola yalikuwa 37 tu na ya bunduki 175. Hesabu ndogo kama ile ya kwanza haiwezi kubeba hukumu nzito. Lakini yatosha kuonyesha kwamba silaha yenye nishati ndogo haikuachwa nyuma na ile yenye nishati kubwa. Tena watafiti hao walipolinganisha matukio ya dubu wakali ambamo mwenye silaha aliitumia na yale ambamo hakuitumia, hawakuona tofauti ya maana katika idadi ya waliojeruhiwa na waliokufa.

Sehemu ya uchunguzi huo inayonivuta zaidi ni ile ieleweshayo kwa nini silaha zilishindwa. Kukosa muda kulikuwa asilimia 27 ya sababu zote. Waliokuwa na silaha wasiitumie walikuwa asilimia 21. Silaha kukwama au kuharibika, asilimia 14. Dubu kuwa karibu mno, asilimia 9. Mpigaji kukosa shabaha, asilimia 9. Risasi kwisha bila nafasi ya kujaza tena, asilimia 8. Kushindwa kufungua kizuizi cha usalama kwa wakati, asilimia 8. Kujikwaa na kuanguka, asilimia 3. Mlio wa silaha kumchokoza dubu aje, asilimia 1.

Tuijumlishe orodha hiyo: yatimia asilimia mia. Ndani yake hamna mahali palipoandikwa kwamba risasi ilikuwa dhaifu. Kukosa muda, ukaribu wa dubu na kizuizi kisichofunguka kwa wakati, ambavyo vyote ni sura za upungufu wa muda, peke yake ni asilimia 44. Yaliyosalia mengi ni ya mazoezi na ya utunzaji wa silaha. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu: wanunuzi hubishana juu ya jambo lisilotajwa miongoni mwa sababu za kushindwa, na kulipuuza lile liongozalo orodha.

KOPO LA PILIPILI

Kuna mshindani wa bastola ambaye hakutoka katika kiwanda cha silaha. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Carrie Hunt wa Chuo Kikuu cha Montana alifanya majaribio ya vitu viwezavyo kuwafukuza dubu, na pilipili ilionekana kufaa. Kutokana na kazi za namna hiyo likatengenezwa kopo linyunyizalo ukungu wa pilipili. Kiini chake ni kapsaisini, kemikali ile ile ituchomayo ulimi tulapo pilipili kichaa, ikiwa kati ya asilimia 1 na 2. Haimwui mnyama, huyachoma macho, pua na mapafu yake kwa muda, kisha huisha.

Mwaka 2008 Smith, Herrero na wenzao walichunguza matukio 83 ya Alaska ya kati ya mwaka 1985 na 2006 yaliyohusu makopo hayo. Pilipili iliwaachisha dubu wa kahawia tabia yao ya hatari katika asilimia 92 ya matukio, na dubu weusi katika asilimia 90. Katika watu waliokuwa na makopo hayo walipokaribiana na dubu, asilimia 98 hawakudhurika, na watatu waliojeruhiwa walipata majeraha madogo yasiyohitaji kulazwa hospitalini. Upepo, ambao wapinzani huutaja daima, ulileta taabu katika asilimia 7 tu ya matukio.

Kwa nini kitu chepesi hivyo kikafanya kazi kubwa hivyo? Jibu ni lile lile la muda na shabaha. Ukungu huenea, hauhitaji kupiga ubongo uliofichwa nyuma ya fupa. Mtu hahitaji kulenga sawasawa, wala mkono hausukumwi nyuma. Kopo huweka ukuta kati ya mtu na mnyama, na mnyama huingia ndani yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtu jinsi alivyo akiwa na hofu, wala si kwa mtu jinsi atamanivyo kuwa.

HOJA ZA WAPINZANI

Haitakuwa haki kuacha hoja za upande wa pili. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilizoea kuwasikia wawindaji wakisema kwamba uchunguzi wa aina hii hauwatendei haki wenye bastola. Hoja yao ina uzito. Matukio ya silaha yaliyoandikwa mara nyingi ni yale mabaya. Mtu aliyepiga risasi moja hewani dubu akakimbia hana sababu ya kutoa taarifa. Aidha, baadhi ya matukio ya pilipili yalihusu dubu wadadisi waliokuja kunusa tu, si dubu waliokuja kushambulia. Kwa hiyo si halali kuchukua asilimia 92 ya uchunguzi mmoja na asilimia 84 ya mwingine na kuzipambanisha kama mabao ya mpira.

Nakubali. Wala sisemi kwamba kopo lifaa kila mahali. Hemani usiku litamwumiza mwenyewe pia, na katika upepo mkali wa pwani masafa yake hupungua. Katika mkasa ule wa Wyoming kiongozi alikuwa na kopo kiunoni, na hata hivyo hakuokoka. Hapana chombo kilicho hirizi. Lakini hoja hizo hazigusi lile ninalolitetea. Hata tukiziweka tarakimu za pilipili kando kabisa, orodha ya sababu za kushindwa kwa silaha hubaki palepale, nayo ni orodha ya muda, mazoezi na utunzaji.

BASI ACHUKUE NINI?

Mwindaji wa Alaska akiniuliza, nitamjibu hivi. Kwanza, achague mahali pa kuiweka silaha kabla ya kuchagua silaha yenyewe: kifuani au kiunoni, juu ya nguo zote, mahali mkono uwezapo kufika akiwa amesimama, ameinama au ameanguka. Pili, achukue bastola iliyo kubwa kadiri awezavyo kuipiga kwa haraka na kwa usahihi katika umbali wa mita 5 hadi 10, si zaidi ya hapo. Kwa wengi itakuwa ya .357 Magnum, ya milimita 10 au ya .44, si zile kubwa mno. Tatu, aitie risasi ngumu zipenyazo.

Kuhusu aina, rivolva, yaani bastola yenye silinda izungukayo, haina kizuizi cha kusahauliwa, na hupiga hata mtutu ukiwa umegandamizwa mwilini mwa mnyama. Lakini risasi zake huwa tano au sita tu. Bastola ya magazini ina risasi nyingi na mkono huimudu kwa urahisi. Lakini yahitaji kusafishwa vema, na ikigandamizwa yaweza kukataa kupiga. Kila moja ina lawama yake, na anayeijua vizuri moja amemzidi anayezijua zote kijuujuu. Kikosi cha Denmark kiitwacho Sirius, kinacholinda Greenland ya kaskazini-mashariki kwa magari ya mbwa katikati ya dubu wa barafu, hutumia bastola ya magazini ya milimita 10, si ile kubwa kupita zote.

Nne, aongeze kopo la pilipili, ambalo si badala ya akili njema. Tano, na hili ndilo kubwa, afanye mazoezi ya kuchomoa silaha mara mia kwa kila mara moja ya kununua.

YATUHUSUJE SISI?

Haifai tuyachukue matokeo ya dubu tukayavisha simba, nyati au kiboko. Kila mnyama ana tabia yake. Hata hivyo pilipili si ngeni kwetu. Iliingia Afrika kutoka Amerika baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari, na katika miaka ya 1990 mtafiti Loki Osborn aliijaribu dhidi ya tembo wavamiao mashamba katika Zimbabwe. Leo kamba na vitambaa vilivyopakwa mafuta yenye pilipili vimejaribiwa katika mipaka ya mashamba ya Tanzania pia.

Lililo muhimu zaidi kulichukua ni njia yenyewe ya kuuliza. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitangaza katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mikoa ya kusini na pwani, kama Lindi na sehemu za Rufiji, ndiyo iliyoumia zaidi. Mtu angefikiri kwamba dawa ni kugawa bunduki. Lakini watafiti walitazama ni lini na kwa nini watu walishambuliwa, wakaona kwamba wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, na kwamba mahali penye mashambulio mengi ni penye nguruwe mwitu wengi. Nguruwe huvamia shamba. Mkulima huenda kulala dunguni ili awafukuze. Simba amfuataye nguruwe humkuta mtu. Mwaka 2011 ikaonekana tena kwamba hatari huongezeka katika siku zifuatazo mwezi mpevu, kwenye zile saa za giza kabla mwezi haujachomoza.

Huko Alaska muda ulihesabiwa kwa sekunde. Huku Lindi umehesabiwa kwa misimu na kwa siku za mwezi. Lakini ni funzo moja. Mkulima aliyejenga dungu imara, aliyechimba handaki la kuwazuia nguruwe, na ajuaye ni usiku upi asitoke peke yake, amepata kinga ambayo hapana bastola iwezayo kumpa.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa taasisi zetu zote zipelekazo watu porini, ziwe za uhifadhi, za utafiti au vyuo vikuu. Kabla ya kuandika barua ya kuomba silaha mpya, na iwekwe daftari. Kila mtu akutanapo na mnyama wa hatari aandike tarehe na saa, umbali aliomwona, upepo ulikotoka, alikuwa akifanya nini, alikuwa na nini mkononi na nini begani, na mambo yaliishaje. Waandike hasa wale ambao hawakudhurika, kwa sababu ushuhuda wao ndio upoteao kwa urahisi. Kazi hii haihitaji maabara wala fedha za kigeni. Yahitaji kalamu na uaminifu.

Askari wa wanyamapori apewaye bunduki bila risasi za mazoezi amepewa mzigo, hakupewa kinga. Mwanafunzi apelekwaye porini na filimbi mfukoni na maarifa ya tabia za nyati kichwani aweza kuwa salama kuliko yeye. Hatutajua ni yupi aliye salama zaidi mpaka tuhesabu, na katika hesabu hiyo sharti tumtie binadamu mwenyewe, pamoja na hofu yake, mikono yake itetemekayo, na sekunde zake mbili.